Mgeni Aliyeona Baridi Ujiji

Mtambo uitwao Ushungi ulipowaka kwa mara ya kwanza, nyumba ilimsahau Bi. Mwamini. Feni ya darini iliyokuwa ikimpepea ilipunguza mwendo, ikasimama. Taa ya sebuleni, ambayo kila siku ilimfuata akihama kiti, ilimwacha gizani ikageukia ukuta. Na Karama, roboti wa nyumbani aliyekuwa akimletea maji ya kunywa, alisimama katikati ya sebule na bilauri mkononi, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeitwa kisha asimwone aliyemwita.

"Bi. Mwamini ametoka," alisema Karama kwa sauti yake tulivu. "Yuko Halvik, Kanda ya Nne. Tunamtakia safari njema."

"We Karama! Kwani mimi si huyu hapa?" Bi. Mwamini alipiga kofi mkono wa kiti. "Lete maji yangu!"

Karama alimpita kama anavyolipita kabati. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha ukindu kilichokuwa karibu na mlango, kiti kitupu kabisa, akainama kwa adabu. "Karibu, mgeni wetu," alikiambia kiti. "Jisikie uko nyumbani."

Faida, binti yake Bi. Mwamini, alikuwa amepiga magoti sakafuni katikati ya nyaya. Koleo lilimponyoka. Alikuwa mhandisi wa mashamba ya umeme yanayoelea juu ya ziwa, mwanamke aliyekwisha kuona mitambo ya kila namna, lakini hapo aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Imekubali, Mama," alinong'ona. "Wallahi imekubali!"

Hapa inabidi tufafanue kidogo, maana jambo lenyewe halikuwa dogo. Katika zama hizo hakuna aliyetembea bila pete ya anwani. Ilikuwa pete nyembamba ya chuma cheusi, na kazi yake ilikuwa kuuambia ulimwengu huyu ni nani, yuko wapi, na mwili wake uko katika hali gani. Nyumba ziliisoma zikajua nani wa kuwashiwa feni. Hospitali ziliisoma zikajua nani anaumwa kabla mwenyewe hajajua. Na michezo-dunia, ile michezo ambayo mtu huiingia kwa mwili mzima kama anavyoingia mjini, nayo ilikuwa na mlinzi mlangoni wa kuisoma. Mlinzi huyo alikuwa akili mnemba, hasinzii, hali rushwa, na watu walimwita Bawabu.

Dunia ilikuwa imegawanywa kanda kwa kanda, na kila mchezo uliuzwa katika kanda zake. Mchezo wa Kanda ya Nne, huko kaskazini kwenye barafu, mtu wa Kanda ya Saba hauchezi hata akilia machozi ya damu. Na Kanda ya Saba ni sisi. Babu zetu walikutana na ukuta kama huo katika kompyuta zao, wakauruka kwa kitu walichokiita VPN: unadanganya kwamba uko kwingine, mlango unafunguka, unacheza hadi unachoka. Bawabu hadanganyiki kirahisi hivyo. Yeye anataka mwili. Anataka mapigo ya moyo, pumzi na joto la ngozi, vyote vitoke mahali palepale panapotajwa.

Kwa hiyo Ushungi haukughushi anwani. Uliwabadilishanisha watu wawili anwani zao. Mahali fulani katika kanda ile ilibidi awepo mtu hai aliyekubali kuvaa anwani yako wakati wewe umevaa yake, mtu mwenye hamu zake mwenyewe za kuja upande wako. Mwili wako ukasomwa kwake, wake ukasomwa kwako. Waliotumia Ushungi walimwita mtu huyo jirani. Majirani hawakujuana majina. Walichoona ni taa ndogo ya kijani tu: ikiwaka, jirani bado yuko ndani ya shughuli zake, na yeyote kati yao akijitoa, kila mmoja anarudishiwa anwani yake papo hapo.

Sasa mtu atauliza, bibi mzima wa Ujiji alikuwa anatafuta nini katika michezo ya watu wa barafuni? Alikuwa anatafuta sauti.

Mwaka ziwa lilipopanda, Ujiji ya chini yote ilikwenda na maji. Feruzi, mumewe Bi. Mwamini, fundi cherehani, alimtoa mkewe na mtoto hadi juu penye usalama. Kisha akakumbuka kwamba ukumbini kulikuwa na msafiri kutoka ng'ambo, aliyeomba mahali pa kulala siku hiyo. Akageuka akarudi. Hawakumwona tena, yeye wala msafiri. Simu zilizama, picha zilizama, kila kilichokuwa na sauti ya Feruzi kilizama. Watu wakajenga Ujiji Mpya juu ya vilima, magari ya waya yakapita angani, maisha yakaendelea. Bi. Mwamini naye aliendelea, ila alikuwa na hasira ambayo hakumwambia mtu. Na siku moja, akichagua mchele, alisema tu: "Mwanangu, nimeisahau sauti ya baba yako. Najaribu kuisikia kichwani, haiji."

Maneno hayo yalimchoma Faida. Ndipo alipokumbuka kwamba miaka michache kabla ya mafuriko walikuja wageni na nyuki-kamera zao, vidude vidogo vya kuruka, wakarekodi mtaa wao wote nyumba kwa nyumba. Waliwaambia watu, kaeni kama mnavyokaa, ongeeni kama mnavyoongea. Feruzi aliongea nao mchana kutwa. Faida alitafuta, akauliza, akatafuta tena, hadi akaupata: mchezo uliitwa *Hazina ya Ziwa*, ulichezwa na mamilioni, na uliuzwa Kanda ya Nne peke yake. Hakuna aliyeona kwamba watu wa Ujiji wangetaka kuiona Ujiji.

Picha ya tangazo ilimwonyesha Feruzi barazani na cherehani yake. Faida aliiangalia mpaka macho yakamwuma. Chini yake wachezaji wa huko walikuwa wameandika kwamba mji ni mzuri mno lakini watu wake hawasemi. Ukiingia wanakutazama, wanageuka, wanaondoka. Walikuwa wamewapachika jina: Mabubu.

"Baba yangu bubu!" Faida alicheka kwa uchungu. "Mtu aliyekuwa akimwongelesha mteja mpaka mteja anasahau kipimo chake!"

Basi akaunda Ushungi, kwa vipande vya maboya mabovu ya kazini na maelekezo yaliyokuwa yakipitishwa kwa siri kutoka kanda hadi kanda. Akamvalisha mama yake vazi la hisia na kilemba cha kuonea, mwenyewe akakaa mbele ya kioo kufuatilia.

Na Bawabu akafungua.

Ee Mola! Kioo kilijaa jua. Lilikuwa jua la Ujiji ya zamani, lile la alasiri linalofanya vumbi jekundu ling'ae. Miembe ilikuwepo. Paa la bati lenye kutu kwa Mama Kashindi lilikuwepo, hata kile kiraka cha pipa. Dagaa walikuwa wameanikwa mkekani, na vazi la hisia likamletea Bi. Mwamini harufu yao. Alisimama katikati ya njia, katika mwili wa kijana wa kaskazini mwenye koti la njano, maana ndio mwili ambao mchezo ulimpa, akawa anageuka polepole kama mtoto.

"Faida," alisema. "Jiwe la kujikwalia lipo. Lile nililomwambia baba yako aling'oe kila siku."

"Mwone mwenyewe yule pale, Mama."

Feruzi alikuwa barazani. Mikono yake ilikuwa inasukuma kitambaa chini ya sindano, pini zimebanwa midomoni, mguu unacheza juu ya kanyagio. Alikuwa kijana kuliko Faida wa sasa. Aliinua macho, akamtazama mwenye koti la njano, akainamisha kichwa, akaanza kukunja kitambaa chake taratibu ili aingie ndani. Ndivyo alivyowafanyia wachezaji wote.

"Mama, wanasema upande baraza, usukume mlango kwa bega. Hazina iko uani."

"Nisukume mlango wa watu?" Bi. Mwamini alishtuka kabisa. "Mwenyewe amekaa pale, nimruke bila salamu? Wewe nimekulea vipi?"

"Ni mchezo, Mama!"

Lakini Bi. Mwamini alikuwa ameshavua viatu vya yule kijana wa kaskazini. Alisimama chini ya ngazi, akakohoa kidogo, akaita kama alivyoita maisha yake yote kwenye nyumba za wenzake: "Hodi! Hodi hapa!"

Cherehani ilisimama. Feruzi alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, uso wake ukafunguka.

"Karibu!" alisema. "Karibu, karibu, mgeni. Pita. Kiti hicho hapo."

Na mtaa mzima uliokuwa bubu ukafumka sauti! Wanawake waliokuwa bombani wakaangua kicheko. Redio ya jirani ikafunguka. Mtu akakohoa, mtu akamtukana mbuzi, watoto wakaanza kuhesabu mchezo wa kombolela. "Karibu mgeni!" alisema Mama Kashindi dirishani. "Karibu sana!" wakaitikia wengine ng'ambo ya njia. Faida nywele zilimsisimka. Mamilioni walikuwa wamepita pale wakivunja milango kutafuta dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Watengenezaji wenyewe hawakujua. Waliwaambia watu wakae kama wanavyokaa, na ile akili mnemba ikajifunza kila kitu kutoka kwao, pamoja na kwamba mtu anayeingia bila hodi hasemeshwi.

Bi. Mwamini alipanda, akaketi. Alikuwa anaisikiliza sauti. Ilikuwa na mkwaruzo mwishoni, kama mlango usiotiwa mafuta, jambo ambalo alikuwa amelisahau kabisa. Machozi yalimtiririka ndani ya kilemba.

"Mgeni unatokea wapi?" aliuliza Feruzi.

"Halvik," alijibu Bi. Mwamini.

"Mbali huko! Mbona unaongea kama umezaliwa hapa hapa? Mke wangu akikusikia atakuuliza ukoo." Akageukia mlango. "Mwamini! Tuna mgeni! Chai!"

Na kutoka uani sauti ya msichana, nyepesi, yenye haraka, ikaitika: "Naja!"

Bi. Mwamini aliruka kidogo kitini. Siku ile ya kurekodi alikataa katakata kuonekana, akabaki jikoni akijibu tu alipoitwa. Sasa alikuwa ameitika. Yule msichana alikuwa ni yeye.

Baada ya hapo nani angemzuia? Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, Bi. Mwamini alivaa vazi lake akaenda Ujiji. Siku za mwanzo alikaa kidogo. Kisha akazidi kukaa, na sababu ilikuwa chai. Mgeni aliyekwisha kuambiwa chai inakuja haondoki kabla haijaja, hilo analijua kila mtu. Na chai ile haikuja kamwe, kwa kuwa yule wa uani hakuwa na umbo la kutoka nayo. Kila Feruzi alipoita, sauti iliitika "Naja!" na Bi. Mwamini akaketi tena, akijiambia kwamba kutoka sasa hivi ni kumvunjia mtu heshima nyumbani kwake. Faida alilijua hilo akalicheka. Alimwonea raha mama yake, aliyekuwa anatoka mle ndani jasho linamvuja, maana feni ilikuwa haimwoni, lakini uso wake unang'aa kama wa bi harusi.

Aliyeharibika alikuwa Karama. Ilianza kwa shali. Roboti aliitoa kabatini akaitandaza vizuri juu ya kiti cha ukindu, akajisogeza pembeni akisubiri shukrani. Siku zilizofuata akaongeza blanketi. Kisha akawa anachemsha chai ya tangawizi na kuiweka kwenye stuli mbele ya kiti, inapoa, anaimwaga, anachemsha nyingine. Akafunga madirisha. Akaziba upenyo wa mlango kwa kanga, Ujiji hii, joto hili!

"Karama amerukwa na akili," Faida aliwaambia wenzake kazini, wakavunjika mbavu. "Anamfunika blanketi mtu ambaye hayupo."

Alipanga kumfungua kichwa amtazame, lakini kazi zilimbana.

Siku moja, Bi. Mwamini alikuwa ameingia na neno moyoni. Faida aliliona mapema namna alivyokuwa akijivalisha kilemba bila kusema. Alikaa na Feruzi kitambo kirefu wakiongea habari za vitambaa na bei ya mawese. Sebuleni hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni. Karama alipita na blanketi lingine tena, akaliweka kitini juu ya yale mengine, akamgeukia Faida.

"Naomba daktari," alisema. "Mgeni wetu anaganda."

Faida alitaka kucheka. Alijifuta jasho shingoni, akainua macho kuitazama feni iliyosimama.

Feni! Ushungi ukiwaka, feni inasimama, kwa sababu nyumba inajua mwenyewe hayupo. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, alilichekea. Na kule Halvik, nyumba inayojua kwamba mwenyewe hayupo, inazima nini? Yeye mhandisi wa umeme, alikuwa amesoma darasani kwamba nyumba za Kanda ya Nne hupasha joto mwili, hazipashi kuta, na asipokuwepo mtu huzima zenyewe ili umeme usipotee. Alisoma akafaulu mtihani. Lakini mtu aliyezaliwa Ujiji, baridi kwake ni maji ya kuoga asubuhi. Haikumjia hata siku moja kwamba huko mtu anaweza kuketi ndani ya nyumba yake mwenyewe akafa.

Aliruka hadi kwenye kiti cha ukindu. Pete ya jirani ilikuwa inasomwa hapo. Kama nyumba inamwona, basi spika ya Karama ingeweza kumfikishia sauti kupitia pete hiyo. Alijiona mjinga kidogo, amesimama mbele ya rundo la mablanketi, lakini hakuwa na neno lingine la kuanzia.

"Hodi," alisema.

Kifuani mwa Karama ikatoka sauti ya mtu mzima, imepasukapasuka, meno yanagongana. "Ka... karibu."

Faida alisogea karibu na kiti. Kiswahili!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapo?"

"Hatujambo. Mzee, nyumba yako..."

"Na mama hajambo? Maana huyo anayekaa sana ndani, nilisema moyoni, huyu ni mtu mzima, ana mtu anaongea naye."

"Mzee, nyumba imezima joto?"

"Huzima," alisema yule mzee, kama anayetaja jambo la aibu. "Mimi si niko Ujiji? Najifunika tu. Leo ndiyo nje kumechachamaa. Mimi Songoro, wa Tabora. Nilikuja huku ujanani kuchomelea meli."

"Kwa nini hukujitoa, Mzee Songoro? Si ungebonyeza tu!"

"Taa ya jirani inawaka. Utamkatishaje mtu maongezi?" Alivuta pumzi ndefu. "Na mimi nina bao langu. Kuna mchezo wa Baraza la Bao huko kwenu, watu wazima watupu, wanatupa kete na matusi ya kwetu. Huku hawaliruhusu. Huku joto ninalo, wa kusema naye sina. Sasa hivi nimetaka kubonyeza nijitoe, vidole havishiki. Usijali, mwanangu. Ngoja nisinzie kidogo."

"Mgeni asilale," alisema Karama.

"Mzee usilale! Mzee Songoro!"

Hakujibu. Faida aligeuka akakimbilia kwa mama yake, mkono tayari kwenye waya wa Ushungi, na hapo kwenye kioo akamsikia akiuliza. Alikuwa analiuliza lile neno lililomkaa rohoni tangu mwaka wa mafuriko.

"Feruzi, nikuulize kitu. Maji yakija humu ndani. Mke wako umeshamtoa, yuko nje anakungoja. Na ndani amelala mgeni, hata jina lake hulijui. Utarudi?"

"Ala! Mgeni una maswali," alicheka Feruzi. Akaokota uzi, akaulowesha mate, akaanza kuutafuta tundu la sindano.

"Mama!" Faida alimshika bega. "Toka! Jirani yetu ni mzee wa Tabora, nyumba yake imezima joto kwa sababu yetu, anakufa kwa baridi sasa hivi. Mama, toka!"

Bi. Mwamini alishtuka, mkono ukapanda kwenye kilemba, ukaishia hapo. "Nimeshamuuliza," alisema kwa sauti ndogo ya kuomba, sauti ambayo Faida hakuwahi kuisikia kwa mama yake. "Anajibu sasa hivi. Mwanangu, anajibu."

Uzi ulikosa tundu. Feruzi akaulowesha tena. Faida aliukamata waya kwa nguvu zote. Angeweza kuuvuta. Alimtazama baba yake akihangaika na uzi, alimtazama mama yake, na Mungu atamsamehe, hakuvuta.

"Nitarudi," alisema Feruzi, macho bado kwenye sindano. "Mke wangu simwogopei. Yule ana akili kunishinda, hata gizani atajua pa kupita, na mtoto atamfikisha. Lakini mgeni, masikini, hajui mlango uko wapi."

Bi. Mwamini alitoa sauti kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuaga. Hakungoja chai. Alikinyofoa kilemba kwa mikono yake miwili akakitupa chini.

Feni ikaanza kuzunguka. Taa ikamgeukia. "Karibu nyumbani, Bi. Mwamini," alisema Karama. "Mgeni wetu ameondoka." Na akaanza kukunja mablanketi, moja moja, kwa utaratibu wake uleule.

Hawakuwa na njia ya kujua. Jirani akitoka, ametoka: hana anwani tena kwako, hana sauti. Faida alipiga kila namba ya Halvik aliyoweza kuipata, akajibiwa na mashine zisizokuwa na habari na Songoro yeyote. Alilia. Alisema yeye ndiye aliyeua, kwa kuwa aliiona feni tangu siku ya kwanza. Mama yake alimshika kichwa akakilaza mapajani, kama zamani.

"Miaka yote hii nilisema alituacha," alisema Bi. Mwamini. "Kumbe alituamini. Na mimi leo nilipoambiwa nitoke, nilingoja. Yeye hakungoja."

Tangu siku hiyo hakuingia tena kwenye *Hazina ya Ziwa*. Lakini kila siku baada ya adhuhuri alimwambia Faida auwashe Ushungi hivyohivyo, bila vazi, bila kilemba. Alikisogeza kiti cha ukindu kikawa karibu zaidi na mlango. Mbele yake aliweka bao la mninga alilolichagua mwenyewe sokoni, kete zimepangwa mashimoni. Kisha wote wawili wakakaa kuitazama taa, nayo haikuwaka. Majirani wengine walijitokeza, Ushungi ukawa unaonyesha kwamba si yule wa zamani, Bi. Mwamini aliwakataa wote. Wiki zikapita. Faida akaanza kutafuta namna ya kumwambia mama yake wakate tamaa.

Kisha mchana mmoja, feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Taa ya kijani ikawaka. Karama, aliyekuwa anafagia, aliacha ufagio ukaanguka, akaenda hadi kwenye kiti akainama.

"Mgeni wetu amefika," alisema. "Joto la mwili wake linaridhisha."

Faida alisimama kwa pupa. Kifuani mwa roboti kulikuwa na mikwaruzo, kisha ikatoka sauti ya mtu mzima, dhaifu, lakini meno hayagongani.

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimekuja kusalimu tu, sikai. Niko wodini, huku wanapasha joto kila mtu bila kumuuliza anwani. Vidole vingine wamevichukua, lakini mdomo wameniachia, bao la mdomo naweza."

Nyumba haikumwona Bi. Mwamini alipoinuka. Alitembea bila taa ya kumfuata hadi mlangoni, akaivuta kanga iliyokuwa bado imeziba upenyo, akaufungua mlango wote, jua likaingia hadi miguuni pa kiti.

"Karibu, ndugu yangu," alisema. "Mlango ndio huu."